Mshono wa Ndani

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi cha Disemba kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama, wifi yako, goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi haumuumi hata kidogo, kwa hiyo nyumba haijapoa. Mume wangu bado yuko na cherehani yake pale barazani. Watoto wako shule, na yule mkubwa amerefuka hadi sare ya mwaka jana inaonekana ameiazima kwa mdogo wake.

Ningekupigia simu, lakini masikio yako nayajua. Mara ya mwisho tulipigiana kelele nusu saa, ukakata simu ukiamini nimejifungua mapacha. Bora karatasi.

Ninalokuandikia ni hili. Unajua mwaka wa tisa sasa naosha matangi na mabomba pale kiwanda cha maziwa. Fundi wetu wa kuchomelea, mzee tunayemwita Miwani, anastaafu mwisho wa mwaka. Meneja alibandika tangazo kwamba mfanyakazi yeyote anayetaka kujifunza kazi yake ajiandikishe, na mwezi wa kumi kutakuwa na mtihani. Tulijiandikisha watatu. Wawili ni wanaume wa stoo. Watu wa zamu yangu wamecheka hadi wamechoka.

Kazi yenyewe ni TIG, ile yako, ya kuchomelea mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Mkono wa kulia unashika tochi, wa kushoto unalisha waya, mguu uko kwenye pedali unaongeza na kupunguza moto, halafu huruhusiwi kutetemeka. Nina umri wa miaka thelathini na nane na najihisi kama mtoto anayefundishwa kula na kijiko. Kila baada ya muda mfupi ile sindano ya tangisteni inazama kwenye chuma kilichoyeyuka, inachafuka, na mimi narudi kuinoa. Jana niliinoa mara kumi na nne. Miwani alisema kwa upole, "Mama, hapa tunafundisha kuchomelea. Kunoa umeshafuzu."

Wewe uliifanya kazi hii miaka ishirini na sita. Nisaidie. Na kama si kukuchokoza, niambie pia kwa nini uliiacha ghafla. Mama anasema ni macho.

Mwanao, binti wa kaka yako

* * *

27 Februari

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, kimeniachia sauti ya dume. Mwambie wifi yangu goti lake alifunge kitambaa cha moto, na ulimi aufunge kitambaa chochote.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimecheka peke yangu jikoni. Sindano kumi na nne kwa siku si nyingi. Mimi mwezi wa kwanza nilikuwa nikiinoa hadi fundi wangu akaniuliza kama nimeajiriwa na grainda.

Sasa sikiliza. Acha waya kwanza. Chukua kipande bapa, washa moto, utazame chuma kinavyoyeyuka na kuwa kidimbwi kidogo kinachong'aa, kisha kisukume polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Usijaze kitu. Fanya hivyo wiki nzima. Unajifunza kukitazama kidimbwi, maana wengi hutazama mwanga, na mwanga hauna la kukuambia. Sindano ikae juu ya chuma kwa unene wa sarafu mbili, si zaidi. Ukiiinua sana, moto unatawanyika. Ukiishusha, inazama.

Mkono usiuache ukielea hewani. Kiwiko kiegemee meza, au kidole kidogo kiteleze juu ya chuma. Hata mumeo hawezi kushona mkono ukiwa hewani, muulize. Na ukiinoa sindano, mistari ya jiwe ielekee nchani. Ukiinoa kwa kuizungusha, mistari ikaizunguka kama mkanda, moto utakwenda utakako wenyewe.

Funga dirisha lililo karibu na uzime feni. Gesi ya argoni ndiyo inayokinga kidimbwi kisiguswe na hewa. Upepo mdogo tu unaipeperusha, nawe utabaki kulaumu mashine.

Nyumbani, ukiwa umekaa, chukua kalamu na uifanye isogee mbele kwa kidole gumba na cha shahada bila mkono kuhama. Hivyo ndivyo waya unavyolishwa. Watu watadhani umepagawa. Waache.

Hao wanaocheka wasikupotezee usingizi. Mimi waliniita Mama Cheche kwa dhihaka, miaka kumi baadaye wakawa wananiita hivyo kwa kuniomba msaada.

Nakuombea mkono mtulivu.

Shangazi yako

* * *

2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama amesema ulimi wake haufungwi na mtu wa ukoo wenu, na anakusalimu sana. Mume wangu amefurahi kwamba umemtaja kwenye mambo ya ufundi. Tangu siku hiyo anajifanya mwalimu wangu wa pili.

Nilifanya kama ulivyosema. Wiki nzima nilisukuma kidimbwi bila waya. Siku ya nne nilikiona. Sijui nikuelezeje. Kabla ya hapo nilikuwa naona mwanga na moshi wa mawazo yangu mwenyewe, halafu ghafla pale katikati pakawa na kitu kama tone la zebaki, kinanisubiri. Nikapeleka tochi, nacho kikaja. Nilifika mwisho wa kipande ndipo nikakumbuka kupumua.

Kalamu naichezea kila mahali. Mwalimu wa mtoto aliniona kwenye mkutano wa wazazi akaniuliza kama nina dukuduku.

Wale wawili wa stoo, mmoja ameacha. Alisema kazi ya kukaa kimya namna hiyo haimfai. Yule mwingine ana mkono mzuri kuliko wangu, nisikudanganye, ila ana haraka.

Wiki iliyopita Miwani alituonyesha jambo jipya. Alileta vipande viwili vya bomba vilivyochomelewa. Kwa nje vyote vilikuwa safi, mshono wenye rangi ya dhahabu, kama mkufu. Kisha akavipasua kwa urefu. Kimoja ndani kilikuwa laini. Kingine ndani kilikuwa kimevimba na kuparara, cheusi, kama sukari iliyoungua chini ya sufuria. Akasema hicho cha pili fundi wake hakujaza argoni ndani ya bomba kabla ya kuchomelea. Nje gesi ya tochi ilikinga, ndani hewa ikala chuma. Maziwa yanaganda kwenye yale magamba, vijidudu vinaota, na chuma chenyewe kinakuwa dhaifu.

Nilishangaa hukunitajia hili. Je, wewe liliwahi kukupata? Ulikuwa ukizibaje ncha za bomba, kwa karatasi au kwa mpira? Na unajuaje kwamba gesi imeshajaa?

Mwanao

* * *

15 Mei

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mvua imekuwa nyingi na paa la jiko linavuja kwenye kona, nimeweka beseni. Jirani amenipa paka.

Nimefurahi kwamba umekiona kidimbwi. Viwiko viweke karibu na mbavu. Usinywe kahawa asubuhi ya mtihani.

Kuhusu mabomba, muulize huyo Miwani. Yeye yuko hapo, anaona unachofanya.

Wasalimu nyumbani.

Shangazi yako

* * *

20 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na paa. Sisi wazima. Mama goti limepata nafuu. Watoto wanafanya mitihani.

Mimi naendelea. Wiki mbili zilizopita nilipewa kazi yangu ya kwanza ya kweli, kiungo kimoja kwenye bomba linalotoka tangi la tatu. Kilikwenda. Watu walisifu.

Huku kuna baridi kidogo.

Mwanao

* * *

4 Julai

Mwanangu,

Umeniandikia mistari saba. Wewe ambaye barua ya kuniambia umenunua viatu ilijaza kurasa nne. Kazi yako ya kwanza ya kweli, na hukuniambia rangi ya mshono, wala mkono ulikuwaje, wala Miwani alisema nini. "Kilikwenda." Namna hiyo ya kuandika naijua. Mwezi wa tano nilikuandikia hivyo hivyo mimi mwenyewe, na najua kwa nini.

Kwa hiyo nitaanza mimi.

Macho yangu ni mazima. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nilimwambia wifi yangu ni macho kwa sababu watu wakisikia macho hawaulizi zaidi.

Pale kiwanda cha sabuni nilikuwa na mwenzangu wa kufunga mabomba. Tulimwita Mrefu. Yeye alikuwa anapima na kukata, mimi nachomelea, yeye anafunga boliti. Miaka kumi na mmoja hivyo. Alikuwa anajua nataka nini kabla sijanyoosha mkono. Siku moja tulibakiwa na kiungo kimoja kwenye bomba la maji ya moto ya kusafishia mitambo. Ilikuwa jioni ya siku ya mwisho kabla ya likizo. Mtungi wa gesi ulikuwa unakaribia kwisha. Ilibaki ya kutosha tochi tu, si ya kujaza ndani. Mtungi mwingine ungefika keshokutwa. Msimamizi alichungulia akaniuliza, "Mama Cheche, bado?" Nikamwambia, "Dakika ishirini."

Sikujaza. Hakuna aliyenilazimisha, mwanangu. Nilitaka kwenda nyumbani. Ule mshono ulitoka mzuri kuliko yote ya wiki ile, na Mrefu akaupigia mluzi.

Baada ya miezi minne ulipasuka. Mrefu ndiye aliyekuwa amesimama chini yake. Maji yalimpata shingoni na mkono wa kushoto.

Wakaja watu wa kuchunguza. Waliandika kwamba bomba lilikuwa kuukuu. Waliniuliza kama nina la kuongeza, nikasema sina. Mwezi uliofuata nikaacha kazi kwa ajili ya macho.

Sikwenda kumwona hospitali. Wiki ya kwanza nilijiambia ana maumivu, asisumbuliwe. Wiki ya pili nilijiambia atakuwa na wageni wengi. Baadaye muda ulikuwa mwingi mno, ningeanza na neno gani? Ni miaka saba sasa. Nyumba yake iko kwenye njia ya posta. Mimi huzunguka kwa nyuma, na siku miguu ikiuma siendi kabisa. Ndiyo sababu barua zangu huchelewa.

Sikukutajia jambo la kujaza gesi kwa sababu nisingeweza kuliandika bila kuandika haya.

Sasa wewe. Kama kuna kiungo pale tangi la tatu ambacho ukikipita unageuza uso, usinijibu mimi kwanza. Nenda kwa meneja wako leo. Chuma kinakatika kwa dakika tano.

Shangazi yako

* * *

19 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye mlango wa kiwanda, nikaikunja, nikaenda moja kwa moja.

Ilikuwa hivi. Miwani alikuwa amelazwa siku mbili kwa ajili ya shinikizo la damu. Bomba lilivuja asubuhi, magari ya maziwa yamepanga foleni nje, na mtungi wa pili wa gesi, wa kujaza ndani, haukuwepo. Meneja akaniambia, "Wewe si umejifunza? Ziba hapo, tuendelee." Nilimwambia inatakiwa kujazwa gesi ndani. Akauliza, "Bila hiyo haitashika?" Nikamwambia itashika. Hilo neno ndilo nililokuwa nalirudia usiku. Sikumdanganya, Shangazi. Itashika ni kweli. Ila nilijua anauliza nini na nikamjibu kingine, kwa sababu nilitaka siku ile wote waone kwamba naweza.

Ulitoka wa dhahabu. Watu wa zamu yangu, wale wale waliocheka, walipiga makofi. Miwani aliporudi alitazama kwa nje akanipa mkono. Tangu hapo chakula kilikuwa hakinipiti. Kila siku tulipoosha ile njia ya mabomba nilikuwa nazidisha dawa na kurudia mara mbili, mwenzangu akaniuliza kama nimelogwa na sabuni.

Nilimkuta meneja na Miwani pamoja ofisini. Nilisema, "Kile kiungo cha tangi la tatu kikatwe. Ndani sikujaza."

Meneja akasema, "Wiki tano kinafanya kazi. Vipimo vya maziwa ni vizuri."

"Leo ni vizuri," nikasema.

Akamgeukia Miwani. Mzee akavua miwani yake, akaifuta. "Nami nilitazama nje tu," alisema. "Kikatwe."

Jumapili wakafunga njia, tukakata. Miwani alikipasua kile kipande akanipa nishike. Ndani kulikuwa kweusi, na kwenye magamba palishika utando wa manjano uliokuwa unanuka. Mwezi mwingine, wiki nyingine, sijui. Maziwa yale yanakwenda kwenye shule kumi na moja. Shule ya wanangu ni mojawapo.

Meneja amenirudisha kwenye kuosha kwa muda. Alisema siku nzima ya uzalishaji imepotea na lazima mtu aonekane ameadhibiwa. Mtihani atafikiria kama nitaruhusiwa. Yule wa stoo sasa ndiye anayekaa kwenye mashine yangu. Nimeumia, siwezi kusema sijaumia. Lakini jana nilikula sahani mbili, na Mama akasema kumbe nilikuwa naumwa njaa tu.

Sina la kukufundisha, wewe ni mkubwa wangu. Nauliza tu. Mrefu bado anaishi pale pale?

Mwanao

* * *

18 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Miezi mitatu hujaniandikia. Nimempigia jirani yako, amesema u mzima na unatoka nje kila siku, basi nimetulia.

Niliruhusiwa mtihani. Miwani alikwenda kwa meneja akamwambia hatastaafu kabla hajanipima, na mzee yule akiamua kukaa hakai kimya. Nilikuwa sijashika tochi wiki kumi na mbili. Nilifanya mazoezi kwa kalamu tu, na kwa kukaa kimya.

Tulipewa viungo viwili vya bomba kila mmoja. Niliziba ncha kwa mpira, nikaacha kitundu cha kutolea hewa, nikafungua gesi, nikakaa. Yule wa stoo alikuwa ameshaanza kuchomelea. Meneja akatazama saa. Mimi nikaendelea kukaa. Nilipowasha, pale pa kuanzia mshono ulijikunja kama kiwavi. Baadaye ukanyooka. Kwa nje wa mwenzangu ulikuwa mzuri zaidi. Miwani alipasua vyote vinne mbele yetu.

Naanza Januari. Mwenzangu ameambiwa arudie mwakani, na ameniomba nimfundishe kusubiri.

Niandikie hata mistari saba.

Mwanao

* * *

6 Novemba

Mwanangu, fundi,

Marahaba. Barua yako nimemsomea jirani, nimemsomea paka, nimemsomea na mtu mwingine ambaye nitakuambia. Huo mkunjo wa mwanzo unatokana na kuwasha kabla hujaegemeza kiwiko. Egemeza, pumua, ndipo uwashe. Basi, nimemaliza kukosoa. Baba yako angekuwapo angezunguka mtaa mzima akijisifu, na mimi ningemzuia kwa uongo.

Nilikaa kimya kwa sababu ya lile swali lako la Julai. Kila nilipotaka kukuandikia ilinibidi niende posta, na njia ya nyuma ikawa inanitia haya. Nilitoka kila siku, kama jirani alivyokwambia. Nilifika kwenye kona yake nikarudi. Siku moja nilifika mlangoni nikasikia redio ndani, nikarudi. Mwanamke mzima.

Wiki ya mwisho ya Oktoba nilibisha. Alifungua mwenyewe. Amekuwa na mvi, na kovu linatoka chini ya sikio hadi ndani ya shati. Mkono wa kushoto haunyooki wote. Anatengeneza baiskeli siku hizi, ukumbi umejaa magurudumu. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Mama Cheche," akasema. "Nilisikia macho yamekwisha."

"Macho ni mazima," nikamwambia. "Mrefu, ule mshono ulikuwa wangu. Sikujaza."

Hakushtuka. Alisogeza gurudumu akanipa kiti.

"Najua hukujaza. Ule mtungi niliuondoa mimi, ulikuwa mwepesi kama debe. Nilifunga boliti zangu nikanyamaza, hata mimi nilitaka kwenda nyumbani." Akakaa. "Hilo tulifanya wawili, nami nililimaliza zamani. Lakini nilikaa hospitali siku kumi na tisa, Mama Cheche. Kila mlango ukifunguka natazama. Walikuja watu wa ofisini, walikuja hata wa getini. Hilo ulilifanya peke yako."

Nilikuwa nimejiandalia maneno miaka saba. Yote yalikuwa ya bomba. Nikamwambia, "Ndiyo."

Alichemsha chai, nikanyanyuka nimsaidie kumimina, akasema, "Acha, naweza," na kweli aliweza, ila polepole. Nilimsomea barua yako ya mtihani, kwa sababu nilikuwa nayo mfukoni. Nilipofika pale pa kukaa na kusubiri gesi ijae, aliniambia nirudie. Nikarudia.

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Nilipokuwa natoka aliniuliza kama nina nafasi siku za Alhamisi, maana kuna fremu za baiskeli zinazomshinda kwa mkono mmoja, zinahitaji mtu wa kushika. Nilimwambia ninayo.

Nafunga bahasha haraka, mwanangu. Leo ni Alhamisi.

Shangazi yako